Mwanza hadi Bukoba: Unauliza Kilomita Zipi?

Swali: Kutoka Mwanza hadi Bukoba ni kilomita ngapi?

Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na karibu kila mwulizaji husahau kutaja njia atakayopita. Kwa anga, ukipima mstari ulionyooka baina ya viwanja viwili vya ndege, ni kilomita 175 hivi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400, kwa kuwa kati ya miji hii limelala Ziwa Victoria, na gari hulazimika kulizunguka kupitia Sengerema, Geita, Chato na Muleba.

Swali: Simu ilinionyesha kilomita 175, nikawaahidi wakwe kwamba ningefika kwa gari kabla ya adhuhuri. Nilifika usiku. Simu ilikosea?

Haikukosea. Ilikupimia njia ya ndege, nawe ukapanda basi. Ukomo wa mwendo wa basi ni kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ni 50; hivyo hata basi lisilosimama popote lingehitaji zaidi ya saa 5, na basi la namna hiyo halipo. Naomba tuache kuwahimiza madereva wakimbize gari ili kufidia hesabu tulizokosea wenyewe tukiwa nyumbani.

Swali: Mmoja anasema ni maili 94, mwingine 109. Yupi mkweli?

Wote wawili, kwa njia ya anga: 94 ni maili za marubani na mabaharia, ambazo kila moja ni kilomita 1.852; 109 ni za nchi kavu, kila moja kilomita 1.609.

Swali: Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka ghuba ya ziwa kati ya Mwanza na Sengerema, limepunguza umbali kiasi gani?

Umbali haukupungua kwa kiasi cha kutajwa, kwa sababu daraja lile la kilomita 3 hivi limepita palepale kilipokuwa kikivuka kivuko. Kilichopungua ni muda. Kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025, magari yalipanga foleni ufukweni, na mgonjwa aliyekimbizwa Mwanza kutoka Sengerema alisubiri zamu pamoja na malori. Ndiyo maana nasisitiza kwamba safari ya barabara ipimwe kwa saa, si kwa kilomita peke yake.

Swali: Ndege haimalizi saa nzima. Naweza kupanga kikao Bukoba mara tu baada ya kutua?

Sikushauri. Uwanja wa Bukoba uko kandokando ya ziwa, na hali ya hewa ya hapo hubadilika ghafla kwa mvua na mawingu mazito. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR 42 kutoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani karibu na uwanja huo hali ya hewa ikiwa mbaya, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakafariki. Rubani akiamua kuzunguka angani au kurudi alikotoka, abiria asimlaumu; kikao na kisogezwe hadi kesho yake.

Swali: Na meli je?

Husafiri usiku kucha, na kwa mwenye mizigo ni njia nzuri. Lakini MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, ilikuwa imejaza kupita kiasi. Ukiona abiria wamezidi, shuka, dai nauli yako, usubiri safari inayofuata.