Kile kikombe mlichokiona kwenye picha

Baba mdogo, shikamoo. Wengine wote, habari za siku nyingi.

Nimesoma yaliyoandikwa chini ya picha yangu ya Ijumaa, ile niliyoshika kikombe cha kahawa nje ya mgahawa. Wewe Baba mdogo umeandika: "Wenzetu kila siku kahawa ya kununua, sisi tunaambiwa mwezi huu pesa imebana." Mwingine akachukua bei ya kikombe, akazidisha kwa siku 365, akauliza hiyo ni ada ya mihula mingapi. Na chini kabisa mdogo wangu, wewe unayesubiri viza, ukauliza kwa upole, nadhani ili kugeuza mazungumzo: "Dada, nikifika huko nianze kuacha nini?"

Nimejibu mara tatu nikafuta. Hili ni jibu la nne na hasira bado haijaisha, mnivumilie.

Tuanze na hesabu yenu. Vikombe ni 52 kwa mwaka, tena ukiondoa wiki nilizolala mgonjwa hata 52 havifiki. Nakunywa kimoja, Ijumaa, nikitoka kazini saa moja asubuhi. Kazi yangu mnaijua, nasafisha ofisi usiku. Wakati natoka ndiyo wenye ofisi wanaingia, na wananipita mlangoni bila kunitazama. Sisemi wana roho mbaya. Nani anasalimia mlango? Basi nikivuka barabara naingia pale kwenye kona, binti wa kaunta ananitazama usoni, ananiuliza nataka nini, ananiletea mezani, na nikishanyanyuka anakuja na kitambaa kufuta meza niliyoichafua mimi. Wiki nzima nafuta meza za watu. Kwa dakika ishirini kuna mtu anafuta yangu. Kahawa ningeweza kupika chumbani, tena nzuri kuliko ile.

Hicho ndicho mlichokiona. Ambacho hamkukiona ni vyote nilivyoacha, kwa sababu kitu ulichokiacha hakipigiki picha. Au kinapigwa na kutafsiriwa vingine. Niliponyoa nywele zote mlinisifu kwamba nimekuwa mwanamke wa kisasa. Shangazi aliandika nimefanana na wanamitindo. Nilinyoa kwa sababu kusukwa huku ni pesa ya chakula cha wiki mbili, nikanunua mashine ya kunyolea, nikajinyoa mwenyewe mbele ya kioo cha bafu la watu wanne, nikalia, nikafagia. Leo nimeshazoea, hata napenda. Lakini sifa zile zilinichoma, na nilizipokea kwa alama ya kopa.

Mdogo wangu, sasa swali lako. Nitakuambia nilichoacha nikajuta, maana hicho ndicho utakachokimbilia kukiacha.

Majira ya baridi ya kwanza nilijiona mjanja kuliko wahamiaji wote walionitangulia. Niliacha kila kitu kwa mkupuo. Nilikuwa mnywaji wa kahawa wa vikombe vinne kwa siku, nikaacha siku moja kama mtu anayezima redio. Kesho yake kichwa kilinipasuka. Nikadhani ni mafua ya huku, nikameza dawa za maumivu siku nne. Kumbe ni kahawa yenyewe: ukiikata ghafla, maumivu ya kichwa huanza ndani ya siku moja hivi na yanaweza kukaa zaidi ya wiki. Na kichekesho ni kwamba baadhi ya dawa za kichwa zina kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, ndani yake, kwa hiyo nilikuwa nanunua kwa bei ya dawa kile kile nilichokikataa kwa bei ya kahawa. Kama utaacha, punguza kikombe baada ya kikombe.

Nikaacha taa. Desemba huku jua linazama saa kumi kasoro alasiri, na mimi nalala mchana, kwa hiyo nilikuwa naamka gizani na kukaa gizani, nikijivunia uniti ninazookoa. Kisha naingia bafuni naoga maji ya moto dakika kumi. Jirani yangu, fundi umeme, mhamiaji kama mimi, ndiye aliyenipigia hesabu nikaona aibu. Bomba likitoa lita nane kwa dakika, dakika kumi ni lita 80, na kuzitoa nyuzi 10 kuzifikisha 40 kunakula karibu uniti 2.8. Taa ya LED ya wati 10 ingewaka usiku na mchana, bila kuzimwa, zaidi ya siku 11 kwa umeme huo huo. Nilijinyima mwanga, kitu kisichogharimu karibu chochote, nikawa mtu wa huzuni bure, wakati mshenzi mwenyewe yuko bafuni. Siku hizi naoga dakika tatu, taa zangu zinawaka, na Jumamosi naoga mpaka vidole vikunjamane. Hiyo ya Jumamosi sihesabu wala sitaki ihesabiwe.

Lakini kosa kubwa ni hita. Hapa nitakaa kidogo.

Nilizima hita mwezi wa kumi na moja nikasema nitavaa. Nilivaa soksi mbili, suruali mbili, koti, kofia, nikalala hivyo. Siku moja nikapima chumba, nyuzi 9. Nilijisifu kwa rafiki yangu wa kazini, nikamwona ananitazama kama mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, linataja nyuzi 18 kuwa joto la ndani la kumlinda mtu kwenye nchi za baridi. Mimi nilikuwa nusu yake na nilijiona shujaa. Nikaziba na nyufa za dirisha kwa selotepu, upepo usiingie.

Sasa ukuta wa nje ukawa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na ukafanya kile chupa hiyo hufanya ikiwekwa mezani. Ukatoka jasho. Pumzi yangu ya usiku, mvuke wa sufuria, maji ya nguo nilizoanika ndani kwa kuwa nje hazikauki, vyote vilienda kukaa ukutani, nyuma ya kabati ambako sikuwa nachungulia. Mwezi wa pili nikavuta kabati kutafuta hereni iliyodondoka, nikakuta ukuta mweusi. Ukungu. Koti langu la akiba lilikuwa na madoa mgongoni, godoro upande ule limechorwa ramani, na begi lenye vyeti vyangu linanuka kama handaki. Kikohozi nilichokuwa nacho wiki tatu, ambacho niliwaambia kwenye simu ni "vumbi la ofisini", kilitokana na hapo, au angalau hapo hapakukisaidia. Kazi yangu ni ya kulipwa kwa saa, usipofika hulipwi. Mwenye nyumba alisema nimemharibia ukuta, akakata kwenye pesa ya dhamana niliyoweka wakati naingia. Ukijumlisha koti, godoro, siku za kazi na dhamana, ningeweza kuwasha hita ile baridi nzima na nusu ya baridi iliyofuata.

Kwa hiyo joto usiliache. Punguza, lakini usiliache, na fungua dirisha dakika chache kila siku hata kama moyo unakataa. Na utafute ujanja wa halali. Hita ndogo ya wati 2,000 ikiwaka saa moja inakula uniti 2. Blanketi la umeme la wati 100 likikaa saa nane halifikishi hata uniti moja. Chumba kiwe cha kuvumilika, mwili ndio uupashe joto. Hili hakuna aliyeniambia, kwa sababu waliotangulia nao walikuwa wanapiga picha na vikombe.

Viatu nunua vizuri, vipya, vya kukaa miaka. Mengine yote mtumba. Nguo za ndani mpya, usinichekeshe. Basi la mjini acha kama kazi iko karibu. Natembea kilomita nne kwenda na nne kurudi na mapaja yangu sasa ni ya mwanajeshi. Lakini kukiwa na barafu panda basi, ukivunjika kiganja hutasafisha meza ya mtu. Usinunue chochote mwezi wa kwanza. Ila mto mzuri wa kulalia, nunua siku ya kwanza. Kahawa ya mgahawani mwaka wa kwanza usiiguse kabisa. Najua nimemaliza aya nzima nikiitetea. Mwaka wa kwanza usiiguse, kwa sababu mwaka wa kwanza kila kitu kinakuuma, na mtu anayeumwa hajui kikombe kimoja kinaishia wapi. Nimewaona waliojituliza kwa vitu vidogo vidogo mpaka mshahara ukawa unapita tu mkononi kama maji. Wakati huo huo nimemwona mwingine aliyejinyima kila kitu miaka miwili, siku moja akaingia dukani akanunua televisheni kubwa kwa mkopo, kwa hasira tu. Basi chagua kimoja, kidogo, chenye siku yake. Mwaka wa pili. Au mwezi wa sita, kama utaniambia umeshindwa, sitakusema.

Narudi kwenu mliozidisha mara 365, maana nami nimejifunza kuzidisha.

Kila nikituma pesa kuna makato mawili. La kwanza mnaliona, ni ada ya kutuma. La pili limejificha kwenye kiwango cha kubadilishia, wananipa kiwango cha chini kidogo kuliko cha soko na tofauti inabaki kwao. Nchi za Umoja wa Mataifa ziliwekeana lengo kwamba ifikapo 2030 gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3, na wastani wa dunia bado uko juu ya asilimia 6. Ukituma kiasi kidogo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ada nyingine hazijali udogo wa pesa. Mwezi uliopita nilituma mara tano. Jumatatu dawa, Jumatano gesi, Ijumaa "kuna kitu kidogo kimebaki", Jumapili nyingine, na mwisho ile ya sare. Makato ya mara nne za ziada yamenunua vikombe vya kahawa vya miezi miwili na nusu. Nimepiga hesabu kwa kalamu. Hakuna aliyevinywa.

Naomba basi, kaeni, andikeni yote kwenye karatasi moja, nitumieni tarehe 25, nami nitatuma mara moja. Ugonjwa wa ghafla hauna tarehe, huo nipigieni hata nikiwa juu ya ngazi. Gesi ina tarehe.

Mnaona nimewaka tena. Nipunguze, kwa sababu kuna jambo ambalo lazima niliseme nikiwa bado na ujasiri, na nikilisema mtanishinda kwenye ubishi huu wote.

Mwezi wa tatu mwaka jana nilituma pungufu. Mliambiwa zamu zimepunguzwa, na kweli zilipunguzwa. Mtoto wa kaka akarudishwa nyumbani siku mbili kwa sababu ya ada. Nilipata ujumbe huo Ijumaa asubuhi nikiwa kwenye foleni ya kahawa, watu wawili mbele yangu. Nikausoma. Nikabaki kwenye foleni. Nikanunua, nikakaa, nikanywa, yule binti akaja akafuta meza. Ile pesa isingelipa ada, haikufika hata robo, nilishajiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilibaki kwenye foleni. Baba mdogo, kama ungeandika lile neno lako mwezi ule nisingekuwa na la kujibu.

Na picha je? Picha napiga mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nasimama nje ambako jina la mgahawa linaonekana, nasubiri watu wapite, nainua kikombe, navua glavu ili mkono uonekane msafi. Nilitaka mseme anaishi vizuri. Mkasema. Kisha nikakasirika kwamba mmeamini. Tangu Ijumaa nimekuwa nikitafuta wa kumlaumu kwa hilo na kila nikitafuta nakuta glavu zangu.

Mdogo wangu, viza ikitoka nijulishe kabla hujawajulisha wengine, nitakwambia cha kubeba. Chumba changu kinatosha watu wawili kwa mwezi mmoja, si zaidi, tutagombana. Nitakununulia blanketi. Ijumaa yako ya kwanza nitakupeleka pale kwenye kona, hiyo moja nitalipa mimi, na mwaka wa kwanza utakuwa umeanza Jumamosi.

Ada ya mtoto wa kaka kwa muhula ujao nimeshaitenga, itakuja na karatasi ya tarehe 25. Baba mdogo, simu yako ni ile ile? Nataka kukupigia Jumapili, nikisha kulala. Na tafadhali, atakayemsomea Mama haya yote aruke ile sehemu ya ukuta na kikohozi. Mwambieni tu chumba kina joto, maana sasa kina.