Jibu kwa wa nyumbani Arusha: ndiyo, nacheza burleski

Mdogo wangu, umeniuliza mbele ya ukoo mzima, nami nakujibu mbele ya ukoo mzima. Ile video inayozunguka kwenye kundi la familia ni yangu. Yule mwenye koseti nyekundu, lile vazi la kubana kiuno, na mapepeo ya manyoya ya mbuni ni mimi, kwenye baa moja hapa London. Mama mdogo ameuliza kama hiyo ndiyo kazi iliyonileta Uingereza. Wewe umeuliza la maana zaidi: inalipa? Na je, wewe unayecheza ngoma kwenye mahoteli ya watalii hapo mjini unaweza kuja kwa viza ya masomo ukaifanya?

Nianze na mama mdogo, maana presha yake naijua. Kazi inaitwa burleski. Mtu anapanda jukwaani na wimbo mmoja, dakika nne au tano, anasimulia kisa bila kutamka neno, na kisa kinavyokwenda nguo zinapungua. Glavu moja inaweza kula nusu ya wimbo. Sibaki uchi wa mnyama: nabaki na chupi ya shanga na vifuniko vya chuchu vilivyobandikwa kwa gundi, na kuvibandua usiku ndiko kunakonitoa machozi kuliko maneno yenu yote. Hakuna anayenigusa. Ninapocheza mimi watazamaji wengi ni wanawake, wamekuja na marafiki zao kucheka na kushangilia. Tena kicheko ndiyo asili yake. Lydia Thompson, mwanamke wa Kiingereza, alipopeleka kundi lake New York mwaka 1868, walikuwa wakidhihaki hadithi za kale huku miguu yao ikionekana ndani ya soksi za kubana, na magazeti yakawaka. Mwaka 1937 jiji hilohilo likazinyima leseni kumbi za burleski. Iliamka tena miaka ya 1990, na ninayocheza mimi ni hiyo iliyoamka. Mama mdogo, tukiwekwa jukwaa moja mimi na baikoko ya Tanga, mimi ndiye nitakayeonekana mtawa. Na kabla hujampigia baba: anajua, nilimwambia mwenyewe. Aliuliza tu kama humo ukumbini wanawasha hita.

Sasa pesa. Ukumbi mdogo unanipa pauni 80, ukinipenda 100, kwa onyesho moja. Anayeanza anaweza kuambulia nauli na kinywaji, au apewe kazi ya kupita jukwaani kuokota nguo tulizovua sisi. Najua mmeshaanza kugeuza kuwa shilingi. Acheni, kwa sababu mwenye nyumba wangu hadai shilingi. Koseti ya kupimwa mwilini inakwenda mamia ya pauni. Mapepeo nayo ni hela. Vile vijiwe vinavyometameta vinabandikwa kimoja kimoja, usiku, mpaka shingo inakakamaa. Mimi nimeponea cherehani: mama alinifundisha kushona tukiwa Kaloleni, na nisingejishonea ningekuwa nimeshaacha. Wasichana wanaoanza humtaja Dita Von Teese, Mmarekani anayeoga ndani ya glasi kubwa ya martini na kujaza majumba ya maonyesho. Sawa, lakini Dita ni mmoja. Na hapa ninapocheza hakuna kutunza. Harusini kwetu ukikata kiuno vizuri mtu anainuka na noti. Hapa wanapiga makofi kwa nguvu sana, halafu wanarudi kwenye bia zao.

Kuna na la sheria, ambalo walioko nje ya kazi hii hawalijui. England na Wales zina sheria ya mwaka 2009 inayoziruhusu halmashauri kudai leseni maalumu kwa kumbi zenye maonyesho ya kuvua nguo ya kuamsha ashiki. Imewaachia nafuu wanaofanya hivyo mara chache, mwisho mara 11 kwa mwaka. Kama burleski imo au haimo, kila halmashauri ina macho yake. Baa yenye woga haizidishi usiku mmoja kwa mwezi, basi. Ndiyo maana mnaniona leo Brighton, kesho kutwa Leeds, na sanduku la manyoya kwenye treni. Nauli inameza onyesho. Halafu kwa kuwa najiajiri, kila Januari kabla ya tarehe 31 nakaa na risiti zangu kuandika hesabu za kodi. Kinacholipa pango ni kulea wazee, siku nne kwa wiki. Ule msingi wa nyumba kule Usa River mnaoupiga picha umetoka kwa wazee wale.

Kinachoniudhi hasa si nguo. Ni waandaaji wanaoniona mweusi wakataka nije na ngozi ya chui na ngoma, au ndizi kiunoni kama Josephine Baker, mchezaji mweusi mzaliwa wa Marekani, pale Folies Bergère, ukumbi wa Paris, mwaka 1926. Baker namheshimu, mwaka 2021 Wafaransa walimwingiza Panthéon, wanakoenziwa mashujaa wao. Lakini mimi niliyekuzwa kwa mtori nivae ndizi za plastiki ili nionekane Mwafrika? Nimekataa, na kazi zimenipita kwa sababu hiyo.

Sasa wewe. Viza ya masomo ya Uingereza inakataza kujiajiri, na inakataza kwa kutaja kabisa kufanya kazi ya mburudishaji. Hata pauni hamsini za baa ni kuvunja masharti, na video yako iko mtandaoni kwa jina na tarehe. Usidanganywe na anayesema "wote wanafanya". Njia moja iliyo halali ni viza ya muda ya wasanii, nayo inataka mdhamini mwenye leseni ya serikali akupe cheti cha udhamini. Baa ninazocheza mimi haziwezi. Tamasha kubwa linaweza, na kundi lenu la ngoma lina nafasi huko kuliko mimi na glavu zangu. Muulize kiongozi wenu kama amewahi kuandikia tamasha lolote. Ukiletewa barua ya mwaliko, nipigie picha unitumie kabla hujampa dalali yeyote hata shilingi.