Breki za gari la zamani: pima kabla ya kununua spea

Shikamoo fundi. Nimenunua Land Rover Series III kutoka shamba moja Usa River, haina kitabu. Fundi mmoja anasema gurudumu la mbele lina wili silinda (silinda ndogo ya breki ndani ya gurudumu) moja, mwenzake anasema mbili. Nimwamini nani?

Marahaba. Wote wanaweza kuwa sahihi. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Ukipata inchi 88, kwa kawaida dramu (chuma cha breki kinachozunguka na gurudumu) ni ya inchi 10 na silinda ni moja. Ukipata inchi 109, dramu ni ya inchi 11 na mbele kuna silinda mbili, kila moja ikisukuma kiatu chake, yaani kipande kinachokandamiza dramu. Zimepangwa hivyo ili dramu inapozunguka ivute viatu vyote viwili na kuvikandamiza zaidi, na ndiyo maana za kushoto na za kulia hazifanani. Hata hivyo, magari ya huku yamebadilishwa ekseli mara nyingi, kwa hiyo fungua dramu ujionee mwenyewe.

Halafu safisha silinda kwa brashi usome maandishi yaliyo kwenye chuma: Girling au Lockheed, na mara nyingine kipimo chake. Kama yamefutika, pima tundu kwa kalipa ya kupimia. Milimita 19.05 ni robo tatu ya inchi; 22.2 ni inchi 7/8. Kwa macho hutaona tofauti, lakini hiyo ya pili inasukuma kwa nguvu iliyozidi kwa zaidi ya theluthi moja. Ukifunga moja kushoto na nyingine kulia, gari litakuvuta upande mmoja kila ukikanyaga. Naomba sana, usikubali silinda ya "inafanana" kutoka kwenye rundo la spea.

Fundi, nati ya paipu ya breki ya Toyota imeingia kidogo kwenye silinda ya Land Rover yangu, ila inakwama. Niikaze zaidi?

Hapana, ifungue leo. Nati ya Toyota ni ya milimita 10, na nyuzi zake zimepishana kwa milimita 1. Ya Land Rover mara nyingi ni ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5, yenye nyuzi 24 kwa inchi. Zinakaribiana kiasi cha kudanganya mkono, kisha nyuzi zinakatika siku unayokanyaga breki kwa nguvu. Nati sahihi huingia kwa vidole bila kulazimishwa. Angalia pia mdomo wa paipu: wa kukunjwa mara mbili na wa mviringo haukai kiti kimoja.

Nashusha Peugeot 504 kutoka Marangu hadi Himo na pedeli inazama. Naweza kuchanganya mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4?

Unaweza, ila usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 230, DOT 3 kuanzia 205, na zote hunyonya unyevu, kisha kiwango hicho hushuka. Toa yote ya zamani, utie mpya, shuka kwa gia ndogo. Kama ulifungua kalipa za breki za mbele, ukizirudisha niple ya kutolea upepo ikae juu. Ikiwa chini, umezibadilisha kushoto na kulia, na upepo hautatoka.

Vumbi la viatu vya zamani nilipulize kwa kompresa?

Usithubutu. Viatu vya miaka hiyo vilikuwa na asibesto, na vumbi lake linaua mapafu. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko, na watoto wakae mbali.