Kufunga giaboksi ya A340E kwenye Mark X ya 3.5: presha kwanza, bolti baadaye

Mark X ya 3.5 ikianza kuteleza gia hapa Tabora, ushauri utakaokuja haraka, iwe uko Isevya au Ng'ambo, ni huu: toa giaboksi hiyo ya gia 6, weka ile ya zamani ya A340E, mambo yaishe. Ushauri huo una ukweli ndani yake. A340E ipo tangu miaka ya 1980, mafundi wetu wengi wanaijua, spea zake za mtumba zinapatikana, na Toyota wenyewe waliifunga kwenye Supra JZA80 yenye turbo mbili. Kwa nguvu, haishindwi na injini ya 2GR-FSE na Nm 380 zake.

Inakofia ni kwenye presha. A340E nyingi hupima mzigo wa injini kwa kebo inayotoka kwenye throtobodi, yaani mlango wa hewa ya injini, hadi ndani ya giaboksi. Ukikanyaga mafuta, kebo inavuta, valvu inasogea, presha ya oili inapanda, klachi zinabanwa kwa nguvu inayolingana na injini. Throtobodi ya GRX133, yaani Mark X hiyo ya 3.5, inafunguliwa na mota ya umeme. Hakuna pa kufunga kebo. Giaboksi ikifungwa hivyo hivyo, gari litaondoka, gia zitaingia, na mteja ataondoka gereji akitabasamu. Lakini klachi zinapokea nguvu yote ya injini huku zimebanwa kwa presha ya gari lililosimama sailensi, injini ikiwaka bila mafuta kukanyagwa. Zitaungua, na zitaungua mapema.

Kabla ya kushusha chochote, hakikisha giaboksi iliyomo imekufa kweli. A760E ya gia 6 haina dipstiki ya kawaida. Oili yake hupimwa kwa tundu la kumwagikia, injini ikiwaka na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa kwenye kitabu cha gari. Watu wengi huongeza oili kwa kukisia, tena si ile ya WS ambayo giaboksi hii inaitaka, halafu wanaihukumu giaboksi. Soma kwanza kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Kodi ya solenoidi (valvu ya umeme) moja au ya sensa ya mzunguko si sababu ya kubadilisha giaboksi nzima. Kwa gari la kwenda kazini na safari za Nzega au Sikonge, msimamo wangu ni kutengeneza hiyo hiyo ya gia 6. A340E ina maana kwa gari la mashindano, au kwa gari ambalo giaboksi yake imepasuka na nyingine haipatikani.

Ujue pia unachokipoteza. Gia ya kwanza ya A760E ina uwiano wa 3.520, ya A340E ni 2.804. Hapo msukumo wa kuondokea umepungua kwa asilimia 20 hivi. Gia ya juu ya A760E ni 0.586, ya A340E ni 0.705, kwa hiyo mwendo uliokuwa unausafiria kwa mizunguko 1,800 sasa utataka karibu 2,170. Mafuta yatapanda kwenye barabara ndefu. Na kati ya gia ya kwanza na ya pili, ambayo ni 1.531, kuna pengo kubwa utakalolisikia kila siku. Difu yenye uwiano mfupi zaidi itarudisha nguvu ya kuondokea, ila mizunguko ya safarini itazidi kupanda.

Ukishaamua, usinunue A340E yoyote utakayoletewa. Jina ni moja lakini ndani zinatofautiana: idadi ya pleti za klachi hubadilika kulingana na injini iliyokuwa mbele yake. Tafuta iliyotoka kwenye injini kubwa au yenye turbo. Bahati nzuri ganda la mbele, ile kengele inayoshikana na injini, hufunguliwa kwa bolti kutoka kwenye mwili wa giaboksi. Hivyo mwili unaweza kutoka gari moja na kengele ikatoka kwa A340 iliyokuwa nyuma ya injini ya V6 ya familia ya GR. Usipokee neno la muuzaji kwamba zinaoana. Ondoa kengele zote mbili, ya giaboksi ya zamani na hiyo unayoletewa, linganisha uso kwa uso: pini mbili za kuelekezea, kila tundu la bolti, na mahali pa starta. Pini zikikataa hata kwa milimita moja, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga atengeneze sahani ya kati. Kulichonga tundu kwa tupa ni kuipeleka pampu ya oili kaburini, kwa sababu giaboksi itakaa upande na bushi ya pampu italika.

Zipo pia A340 za miaka ya mwisho zisizo na kebo. Presha yake huamuliwa na solenoidi ya umeme. Ukiipata nzima, ndiyo ya kuchukua, mradi kompyuta utakayoitumia iweze kuendesha solenoidi hiyo.

Konveta, ile ngoma ya oili inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, lazima iwe ya giaboksi, na sahani ya flaiwili lazima iwe ya injini. Vitu hivyo viwili vinakutana katikati, na hapo ndipo pa kupima kwa makini: mduara wa bolti 6, kipenyo cha kitovu cha konveta kinachoingia nyuma ya krenki, na meno yanayokutana na starta. Kitovu kikiwa kidogo kuliko tundu la krenki, chongesha pete ya kuziba nafasi hiyo. Usiache bolti peke yake zishike konveta katikati.

Wakati wa kuiingiza konveta, mimina kwanza oili kiasi ndani yake, isimamishe sawa na shafti, kisha izungushe taratibu huku ukiisukuma. Utaisikia ikidondoka ndani mara tatu: kwenye shafti ya steta, kwenye shafti ya kuingiza nguvu, na mwisho kwenye gia ya pampu. Ule mdondoko wa tatu ndio wengi hawaufikishi. Kengele ikishakaa kwenye injini kwa mkono, kabla hujakaza bolti hata moja, konveta iwe inazunguka kwa kidole na iwe na nafasi ndogo ya kuivuta mbele hadi ifike kwenye sahani. Kama unahitaji bolti kuivuta giaboksi ikaribie injini, simama. Shusha, anza upya. Ukikaza kwa nguvu, meno ya pampu yanavunjika, na utaligundua hilo siku ya kuwasha, gari halisogei mbele wala nyuma.

Sasa kebo. Njia inayofanya kazi kwa gharama ndogo ni kutengeneza mkono wa chuma kwenye pedeli ya mafuta yenyewe na kuufungia kebo hapo, kwa sababu pedeli bado inasogea hata kama throto ni ya umeme. Mkono uwe na urefu wa kutosha ili pedeli ikifika chini kabisa, kebo iwe imevutwa hadi mwisho wake, isizidi wala isipungue. Pedeli ikiwa juu, kizuizi kidogo kilichobanwa kwenye kebo kiwe umbali wa milimita 0 hadi 1 kutoka mdomo wa ganda lake. Hicho ni kipimo cha Toyota na hakina mjadala. Kuna ugumu mmoja: kompyuta ya 2GR inaweza kufungua throto zaidi ya unavyokanyaga pedeli. Kwa hiyo kama ni kukosea, kosea upande wa kuvuta mapema. Presha ikizidi kidogo, gia zitaingia kwa kugonga. Ikipungua, unaunguza klachi bila kusikia kelele yoyote.

Usiamini macho, tumia geji. A340E ina tundu la kupimia presha ubavuni. Kwa nyingi za aina hii, ukiwa kwenye D na injini iko sailensi, presha huwa karibu bar 4. Ukikanyaga breki na mafuta yote, inapanda kupita bar 9. Kwenye R inakuwa juu zaidi. Jaribio la mafuta yote lisizidi sekunde 5, na hakuna mtu asimame mbele ya gari.

Upande wa umeme, A340E ya kebo inataka mambo machache tu. Solenoidi S1 na S2 hubadilisha gia, SL hufunga konveta. Kila moja ukiipima kwa mita itoe omu 11 hadi 15. Gia ya kwanza S1 ina moto (umeme), S2 haina; ya pili zote zina moto; ya tatu S2 peke yake; ya nne zote zimezima. Ndiyo maana plagi ikichomoka ukiwa D, gari linaondoka na gia ya nne na dereva analalamika kwamba "halina nguvu". Chomoa plagi kwa makusudi ujaribu: L itoe gia ya kwanza, 2 itoe ya tatu, D itoe ya nne. Zikitoka sawa, chuma ni kizima na tatizo lolote litakalobaki ni la waya au kompyuta.

Kompyuta ya Mark X haitakubali kimya kimya. Itatafuta solenoidi zake za gia 6 na sensa ya mzunguko wa ndani, isipozipata itaandika kodi kama P0717 na inaweza kuibana injini. Wapo wanaofunga rezista kuidanganya. Rezista inanyamazisha kodi za solenoidi, lakini kwa kodi ya sensa ya mzunguko haisaidii kitu, na taa ya VSC, mfumo wa kuzuia gari kuserereka, hubaki inawaka. Njia safi ni kompyuta huru ya kuendesha giaboksi, pamoja na fundi wa kuiandika upya ile ya injini. Spidomita haitakusumbua, kwa kuwa mwendo wake unatoka upande wa ABS. Swichi ya P na N iunganishe sawasawa ili starta isikubali gia nyingine. Hili ni la usalama wa watu, usilipitishe.

Propela itabidi ikatwe au iunganishwe, na iende kwenye mashine ya balansi. Hata kama ni kuisafirisha kwa basi hadi Mwanza au Dar es Salaam, isafirishe. Propela iliyochomelewa kwa macho inaua sili ya nyuma na bushi yake.

Oili ya A340E ya kebo kwa kawaida ni Dexron III, si WS. Giaboksi ikiwa kavu pamoja na konveta inakunywa lita 7 hadi 8; anza na 4, washa, ongeza polepole. Osha mabomba ya kupozea yote kabla, maana vumbi la klachi la giaboksi ya zamani hujificha humo. Weka kipozeo cha pembeni mbele ya rejeta, hasa kwa joto la Septemba na Oktoba huku kwetu. Pima oili ikiwa moto, injini ikiwaka, baada ya kupitisha mkono gia zote. Joto la oili likipita nyuzi 120 mara kwa mara, kipozeo ni kidogo.

Endesha kilomita 500 bila kukimbizana, halafu fungua sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi. Ute mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ni wa kawaida. Ukikuta chembe nyeusi zenye harufu ya kuungua, usimwage oili mpya juu yake: rudi kwenye kebo na geji kabla gari halijatoka tena.