Ripoti inaandika NaN badala ya kutoa kosa

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimeandika programu ya Java ya kukokotoa bei ya wastani ya kilo katika duka letu la nafaka. Siku ambayo hatukuuza mahindi, ripoti inaandika NaN, na wastani wa mwezi mzima nao unakuwa NaN. Nilipotumia int (aina ya namba kamili), programu ilisimama na kutoa kosa. Kwa nini double (aina ya namba zenye desimali), ninayotumia sasa, haisimami?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Double inafuata IEEE 754, kanuni ya mwaka 1985 ya hesabu za desimali kwenye kompyuta, ambayo mwanahisabati William Kahan alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kanuni hiyo inaacha hesabu iendelee: 5.0 ukigawanya kwa 0.0 ni Infinity, yaani "isiyo na kikomo", lakini 0.0 ukigawanya kwa 0.0 ni NaN, yaani "si namba". Siku ile mlikuwa na shilingi 0 kwa kilo 0. Int haina pa kuandika majibu ya namna hiyo, ndiyo maana Java inatupa ArithmeticException, yaani kosa la hesabu lililosimamisha programu yako.

NaN ikishaingia kwenye jumla, haitoki. Tena haikamatwi kwa ==, alama ya kulinganisha, kwa sababu NaN hailingani hata na NaN yenyewe; tumia Double.isNaN. Ila mimi ningeikinga kabla haijazaliwa: kagua kilo kwanza, zikiwa 0 andika "hakuna mauzo". Tafadhali usiweke 0 mahali pa bei. Mahindi hayakuuzwa bure siku ile, na sifuri hiyo itashusha wastani wa mwezi bila mtu kugundua. Hilo ni baya kuliko NaN, maana NaN angalau umeiona.

Wastani wa mwezi usiutoe kwenye wastani wa kila siku. Jumlisha fedha zote, jumlisha kilo zote, kisha gawanya mara moja. Siku ya kilo 2 haistahili uzito sawa na siku ya kilo 200.

Kuna mtego mwingine. Tuseme umeuza kilo 0.1 na 0.2, kisha mteja akarudisha 0.3. Kwenye double hubaki takriban 0.00000000000000006, si sifuri, kwa hiyo ukaguzi wako utapita na bei itatoka ya ajabu. Hifadhi uzito kwa gramu katika long (aina ya namba kamili kubwa): 100 na 200 ukitoa 300 ni 0 kamili. Badilisha kuwa double wakati wa kugawanya tu, baada ya ukaguzi.