Vocha za zawadi: anza na namba
Ndugu, umeuliza ufanyeje ili vocha ya zawadi unayouza mtandaoni isitumike mara mbili, maana mteja anaweza kuchapisha nakala hata kumi. Nakala hazitakudhuru ikiwa kila vocha inahakikiwa kwenye mfumo na salio linakatwa papo hapo. Usiamini karatasi wala picha ya simu. Mimi naogopa zaidi namba zenyewe. Ukitoa 1001, 1002, 1003, mjanja atakisia inayofuata na kula haki ya mwenzake. Acha programu itunge herufi na tarakimu 16 zisizo na mpangilio, na anayekosea mara tano afungiwe kwa muda.

Tena, usiiwezeshe vocha kabla malipo hayajathibitishwa. Wezi wa kadi za benki wanapenda mno kununua vocha kwa kadi walizoiba, na mwenye kadi akilalamika benki, hela hurudishwa kwake, hasara inabaki kwako.