Supamaketi ije, lakini si kwa hoja ya mapato

Swali la wiki lilikuwa: je, mji mdogo ufungulie mlango supamaketi kubwa ili mapato yaongezeke? Nitajibu kwa Kenya, maana jibu hutegemea sheria za kodi za nchi husika. Wakazi wakiitaka, ije. Ila mwakilishi wadi anayeipigia debe barazani kwa hoja ya mapato hajasoma risiti.

Itazame risiti yoyote sehemu ya chini, penye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Hizo si pesa za kaunti. Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 imeipa serikali ya kitaifa peke yake mamlaka ya kutoza kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kwa hiyo VAT, kodi ya faida ya kampuni na PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ya wahudumu wa kaunta, zote huenda KRA, mamlaka ya mapato ya serikali ya kitaifa. Kaunti hupata mgao wake baadaye, lakini kwa fomula inayotazama mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Duka hilo likiuza maradufu, mgao wenu haupandi hata senti kwa sababu hiyo.

Kinachobaki mjini ni kibali cha biashara cha kila mwaka, kwa kiwango cha Sheria ya Fedha ya kaunti; reti za kiwanja, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, ambazo ni mzigo wa mwenye jengo; ada ya kuidhinisha ramani, ambayo hulipwa mara moja ikaisha; na ada ya mabango. Maegesho nayo, ikiwa magari yataegeshwa barabarani. Yakiegeshwa ndani ya ua wa jengo, hamna kitu.

Sasa hesabuni upande wa pili. Tuseme vibanda 40 vya soko la kaunti vinafungwa, na kila kimoja kilikuwa kikilipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka, na bado hatujagusa vibali vya maduka ya rejareja yatakayofunga. Tarakimu hizi ni za mfano. Wekeni za soko lenu, kisha mwulizeni afisa wa mapato kama kibali cha duka moja kitafika hapo. Msihesabu soko zima, lakini. Wa mitumba na fundi viatu hawaguswi sana, na mama mboga anayekukatia sukuma na kukukopesha hadi mwisho wa mwezi ana wateja wake. Wanaoumia kwanza ni wauza unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia.

Hoja hii ya mapato ina mantiki zaidi Marekani, ambako miji mingi hupata sehemu ya kodi ya mauzo. Hata huko huvunjika. Oriental, mji mdogo wa North Carolina, ulipata duka dogo la Walmart mwaka 2014. Duka la vyakula la wenyeji likafungwa 2015, na Januari 2016 Walmart nayo ikaondoka.

Kwetu mnajua ya Nakumatt, supamaketi iliyokuwa na matawi mengi, ambayo wadai wake walipiga kura ifilisiwe Januari 2020. Supamaketi nyingi ni wapangaji tu. Mwenye jengo hukopa benki akitegemea mpangaji huyo mkubwa, na mpangaji akihama, reti ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuacha kulipwa. Kabla ya kuidhinisha, kaunti iulize mkataba wa pango ni wa miaka mingapi na mpangaji anaruhusiwa kuuvunja mwaka wa ngapi. Iulize pia kama ramani inaruhusu ukumbi ule kugawanywa kuwa vyumba vidogo. Ukumbi wenye mlango mmoja na mita moja ya umeme hukaa mtupu muda mrefu.

Gharama inayosahaulika kabisa ni maji ya mvua. Paa la mita za mraba 3,000 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 60,000, na lami ya maegesho huongeza zake. Zamani udongo uliyanywa mengi ya maji hayo. Sasa yanaingia yote kwa mpigo kwenye mtaro wa soko uliochimbwa kwa jembe, nao huziba kwa mifuko na maganda. Mzibuaji ni kaunti, kwa pesa zilezile za kibali. Dai matangi ya kuvunia maji ya paa, shimo la kunasa mchanga, na bomba jembamba la kuyatoa polepole. Na uwanja wa kushushia mizigo uwe nyuma ya jengo: trela ni karibu mita 17, na isipopata pa kugeukia itapakua barabarani na kuziba steji ya matatu.

Yote haya yawe masharti yaliyoandikwa ndani ya ruhusa ya ujenzi. Afisa mipango asikae na faili, kwa kuwa chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, mwombaji asipojibiwa ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa amekubaliwa, na hapo hakuna sharti hata moja lililoingia.